Usimwekee bweha sumu, mchanje mbwa wako

Msomaji wa Barut, pale mashamba yanapopakana na ua wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ameuliza kama majirani wawategee bweha sumu ili kuzuia kichaa cha mbwa. Hapana, tafadhali msifanye hivyo.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa kwenye mate. Bweha akiumwa na mbwa mgonjwa, virusi hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Huchukua wiki au hata miezi, naye huonekana mzima kabisa. Kutoka ubongoni vinashuka hadi tezi za mate, na mnyama anaweza kuambukiza siku chache kabla hajaonyesha dalili. Dalili zikianza, kwa kawaida hamalizi siku 10. Katika muda huo mfupi asipomuuma mwingine, ugonjwa unaishia kwake.

Huku kwetu wanaouendeleza mwaka hadi mwaka ni mbwa wa nyumbani: ni wengi, wanazurura, wanazaana haraka. Bweha, nguchiro na fisi mara nyingi huupata kutoka kwao. Kule Bale, Ethiopia, mbwa wamewaambukiza mbweha adimu wa milimani na kuwaua kwa wingi. Sumu yenu itaua tumbusi na fisi waliokula mzoga, bweha wengine watahamia pale palipoachwa wazi, na mbwa wasiochanjwa watabaki vilevile.

Lengo ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa kijiji, kila mwaka. Kampeni nyingi huharibikia kwa watoto wa mbwa: watu huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno, na baada ya miezi michache kijiji kimejaa mbwa wasio na kinga. Walete wote. Chanjo yenyewe ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ikiwa imeachwa juani, ikatae.

Bweha akiingia bomani mchana, taya limelegea, mate yananing'inia, na ukipiga mguu chini hakimbii, funga mbwa na watoto, kisha uwapigie KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ng'ombe anayelia kwa sauti iliyokauka huku akitokwa mate usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na kitu. Wafugaji wengi hujiponza hapo.

Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kupaka pilipili wala mafuta ya taa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, umalize sindano zote hata kama kidonda kimeshafunga.