Maswali na majibu: Shelisheli inavyosaidiwa kulinda bahari na kuuza jodari

SWALI: Nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Ilemela, Mwanza. Mnunuzi mmoja alituambia kwamba Shelisheli, nchi yenye watu wachache kuliko wilaya yetu, inauza jodari Ulaya bila ushuru, na mataifa makubwa yanaisaidia kulinda bahari. Wanaisaidia nini hasa, na kwa masharti gani? Nauliza kwa sababu BMU (kikundi cha jamii cha kusimamia uvuvi) ya mwalo wetu ilipewa boti ya doria, mashine ikafa, sasa boti iko juu ya mawe. Akija mfadhili mwingine tuombe nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mnunuzi wako yuko sahihi, ila amekupa nusu ya habari.

Shelisheli ina watu kama 100,000 na ardhi isiyofika kilometa za mraba 500, lakini bahari yake ya kiuchumi, yaani eneo ambalo samaki wake ni haki yake, inapita kilometa za mraba 1,300,000. Ziwa Victoria zima, pande zote tatu, ni kilometa za mraba 68,800. Hakuna hazina ya watu 100,000 itakayonunua meli za kutosha eneo hilo, kwa hiyo vifaa vingi vimetoka kwa marafiki. India imewapa meli za doria, zikiwemo Topaz mwaka 2005, Constant mwaka 2014 na Zoroaster mwaka 2021, pamoja na ndege ya Dornier mwaka 2013. China na Umoja wa Falme za Kiarabu nao walileta vyombo vyao. Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni ya Atalanta Desemba 2008 kuwakabili maharamia wa pwani ya Somalia.

Meli zilipoanza kuwakamata maharamia, tatizo likahamia mahali ambapo meli haifiki. Ukimkamata mtu mamia ya maili kutoka nchi kavu, akiwa ameshambulia meli ya taifa jingine, unamshitaki kwa sheria ipi, na kifungo chake atatumikia wapi? Nchi nyingi ziliwanyang'anya silaha na kuwaachia. Shelisheli ilibadilisha sheria yake ya jinai mwaka 2010 ili mahakama zake ziweze kusikiliza kesi za uharamia wa bahari kuu. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ikasaidia kuboresha gereza na kuwezesha mashitaka. Kuanzia 2012 wafungwa wakaanza kuhamishiwa Somaliland, la sivyo gereza la kisiwani lingefurika. Kwa maoni yangu msaada huo wa mahakama na gereza ulifaa kuliko meli yoyote, ingawa haupigwi picha.

Upo pia msaada uliokwama. Mwaka 2015 India na Shelisheli zilikubaliana kujenga kituo cha ulinzi katika kisiwa cha Assumption, na Januari 2018 mkataba ukasainiwa upya baada ya marekebisho. Bunge likagoma na wananchi wakaandamana. Walitaka kujua nani angekuwa na amri juu ya kituo, na Aldabra, urithi wa dunia, iko jirani. Mkataba uliojadiliwa kwa siri ulikuja kufia hadharani.

Upande wa biashara, jodari wa kopo anayeingia Ulaya bila upendeleo wowote hutozwa ushuru wa asilimia 24. Tanzania haitozwi, kwa kuwa imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, ambazo huuza huko kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru. Shelisheli haimo. Benki ya Dunia iliipandisha daraja la kipato cha juu mwaka 2015. Kinga yake ni mkataba wa ubia wa kiuchumi iliousaini mwaka 2009 pamoja na Mauritius, Madagaska na Zimbabwe, ulioanza kutumika 2012.

Ugumu uko kwenye uasili wa bidhaa, yaani inahesabika kuwa imetoka nchi gani. Samaki aliyevuliwa nje ya maili 12 hufuata chombo kilichomvua, si bahari aliyotoka. Chombo lazima kiwe kimesajiliwa na kupeperusha bendera ya Ulaya au ya nchi mwanachama wa mkataba, na umiliki nao una masharti. Kiwanda kikinunua jodari wa meli ya taifa jingine, kopo linapoteza msamaha wa ushuru. Ndiyo maana mkataba uliweka nafuu ya tani 8,000 za kopo na tani 2,000 za minofu kwa mwaka, zigawanywe kwa nchi hizo zote. Ninyi wa sangara mna bahati: ziwa liko ndani ya mipaka ya nchi, uasili hauna ubishi. Hata cheti cha uvuvi halali ambacho Ulaya inakidai kwa samaki wa baharini tangu 2010 hakiwahusu samaki wa maji baridi. Kinachowabana ninyi ni cheti cha afya. Wakongwe wa kiwandani kwenu wanakumbuka vizuizi vya 1997 hadi 1999, kwa Salmonella, kipindupindu, kisha sumu ya kuvulia. Kilichofungua soko ni mamlaka moja ya ukaguzi inayoaminika na maabara ya kuthibitisha matokeo. Maabara ya Nyegezi ina maana kwenye bei ya minofu yenu kuliko maonesho kumi ya biashara.

Upo pia mkataba wa uvuvi, unaoziruhusu meli za Ulaya kuvua katika bahari ya Shelisheli, na fedha zake nazo zimepangwa kwa akili. Kuanzia 2020, kwa miaka sita, Ulaya ilikubali kulipa Yuro milioni 5.3 kwa mwaka: milioni 2.5 ni za ruhusa ya kuvua, kwa kiwango rejea (kiasi cha samaki cha kupigia hesabu ya malipo) cha tani 50,000, na milioni 2.8 ni za kuimarisha sekta yenyewe ya uvuvi. Fungu hilo la pili hutegemea utekelezaji wa mpango uliokubaliwa. Ripoti isipoonekana, malipo yanaweza kusimamishwa.

Sasa mwalo wenu. Msiombe boti kabla ya kupiga hesabu ya mafuta. Mashine ya nguvu farasi 40 ya viharusi viwili ikipelekwa kasi ya mwisho hula kama lita 15 hadi 18 kwa saa. Doria ya saa sita, nusu yake mmezima mnavizia, ni lita 50 hivi, na doria nne kwa wiki ni 200. Nani analipa?

Kinachoua mashine hizi mara nyingi ni impela ya pampu ya maji, yaani kile kipande chenye mapezi kinachosukuma maji ya kupoza mashine. Mchanga wa kina kifupi huila, na magugu maji huziba tundu la kunyonyea maji. Mwendeshaji aangalie mchirizi unaotoka nyuma ya mashine. Ukidhoofika au ukakatika, azime papo hapo na kusafisha tundu, maana dakika chache tu pistoni inashika. Impela ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na ya akiba ikae ndani ya boti pamoja na plagi na spana zake.

Katika makubaliano andikeni mafuta na vipuri vya miaka mitatu, mafunzo ya fundi wawili wa hapo hapo (mmoja atahama), na afisa uvuvi kuwemo katika kila doria, ili kokoro (wavu haramu wa kukokota) mnalokamata lifike mahakamani likiwa kielelezo chenye lebo na saini. Mfadhili asiyekubali kulipia mafuta hata mwaka wa kwanza, mwombeni redio na jaketi okozi. Hivyo havinywi petroli.