Mazoezi ya kufundisha ugenini: majibu kwa wanachuo wa ualimu

Mwezi huu tumechagua barua za wanachuo wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika nchi nyingine kwa mpango wa kubadilishana.

SWALI: Nimepangiwa wiki 8 katika shule ya msingi. Mwalimu mlezi anataka wiki ya kwanza nikae nyuma ya darasa nitazame tu. Nimwombe nianze kufundisha mapema?

JIBU: Usimwombe. Wiki hiyo ndiyo itakayobeba zile 7 zinazofuata, mradi usijaribu kutazama kila kitu kwa pamoja. Chagua jambo moja kwa kila kipindi na uliandike.

Anza na ukimya. Mwalimu anaupataje? Anainua mkono, anapiga makofi, anahesabu kurudi nyuma, au anasimama tu na kungoja? Yaandike maneno yake kama anavyoyatamka, kwa kuwa hayo ndiyo watoto waliyoyazoea. Mgeni anayeleta ishara yake mwenyewe siku ya kwanza haeleweki, kisha hudhani darasa halina adabu. Kipindi kinachofuata chora ramani ya viti yenye majina, na mwombe mwalimu mlezi akusomee majina hayo hadi uyatamke sawasawa. Mtoto ambaye jina lake linaharibiwa kila siku huacha kunyoosha mkono.

Halafu tazama vipenyo vya kati: kugawa vitabu, kuhamia kwenye makundi, kufuta ubao. Dakika nyingi hupotelea hapo, na mwalimu mzoefu ana utaratibu ambao hausemi kwa sababu umeshakuwa mazoea. Muulize.

Hesabu pia maswali: nani anaulizwa, nani hafikiwi, na mwalimu anangoja muda gani kabla ya kutaja jina la mwingine. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja kama sekunde 1 tu. Wakingoja 3 au zaidi, majibu hurefuka na watoto waliozoea kunyamaza huanza kusema. Wewe ngoja hata zaidi ya hapo, maana mtoto anaanza kwa kuizoea lafudhi yako ndipo alifikirie swali.

Kabla ya wiki hiyo kuisha, pata majibu ya wazi juu ya nidhamu: nani anaruhusu mtoto kutoka, nani anaitwa akigoma, na nini hakiruhusiwi kabisa. Sweden ilipiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani, tangu 1979, na nchi nyingi zimekataza viboko shuleni. Kumshika mtoto mkono na kumvuta arudi kitini kunaweza kusitisha mazoezi yako siku hiyohiyo.

Baada ya hapo panda taratibu. Wiki ya 2 chukua dakika 10 za kufungulia somo; wiki ya 3 kipindi kimoja kwa siku; wiki ya 4 hadi ya 7 fundisha karibu nusu ya ratiba. Wiki ya 8 ni ya kurudisha darasa: mkabidhi mwalimu mlezi orodha ya mada ulizofika, alama zote, na majina ya watoto waliobaki nyuma pamoja na mahali walipokwama. Wanachuo wengi huiruka hatua hii, na mwenye darasa hubaki akipapasa azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) lililokatika katikati.

SWALI: Andalio langu la somo ni la dakika 40, lakini kengele hulia nikiwa nusu. Nafundisha kwa lugha niliyojifunza ukubwani.

JIBU: Tatizo karibu kila mara ni maelekezo, si mada. Mwalimu anayefundisha kwa lugha ya pili hutoa maelekezo yote kwa mkupuo, watoto hawaelewi, anayarudia kwa maneno tofauti, nao wanadhani amebadilisha kazi. Yaandike maelekezo neno kwa neno usiku uliotangulia, yasizidi hatua 3, uyaweke ubaoni kwa namba. Usiulize “Mmeelewa?” kwa sababu wataitikia ndiyo. Mwambie mtoto mmoja aeleze anachotakiwa kufanya kwanza.

Gawa muda hivi: dakika 5 za kufungua, 8 za kufafanua, 17 za watoto kufanya kazi, 7 za kupitia majibu, 3 za kufunga. Kama ufafanuzi hauingii katika dakika 8, lengo lako ni mawili yaliyofungwa pamoja, na moja lihamie kesho. Zoezi la pili liandae kama akiba ya wanaomaliza mapema, wala usilitegemee. Istilahi za somo, kama 6 hivi, zipitie na mwalimu mlezi siku moja kabla. Msamiati wa hisabati na sayansi wa shuleni haufundishwi katika kozi za lugha za kawaida.

SWALI: Nilisahihisha madaftari kwa alama ya vema, watoto wakadhani wamekosa!

JIBU: Hawakukosea kukushangaa. Finland na Sweden alama hiyo huashiria kosa, na Japani jibu sahihi huzungushiwa duara. Alama za mitihani nazo zinapishana: Ujerumani 1 ni bora kabisa na 6 ni ya mwisho, ilhali Ufaransa hutoa alama kati ya 20. Katika nchi hizo mbili desimali huandikwa kwa mkato, 3,5, na kwa Wajerumani nukta mbili ni alama ya kugawanya. Hata 1 yenye mkia mrefu juu hufanana na 7 ya kwingine. Omba madaftari 3 yaliyokwisha kusahihishwa uyaige kabla hujashika kalamu nyekundu.

SWALI: Nianze na karatasi zipi?

JIBU: Anza na barua ya chuo chako inayotaja saa zitakazohesabiwa, nani atakayekutathmini na kwa fomu ipi. Bila hiyo unaweza kufundisha muhula mzima na chuo kikakudai urudie mazoezi nyumbani. Fuatilia hati ya polisi ya kutokuwa na makosa mapema, kwa sababu shule nyingi hazikuruhusu karibu na watoto bila hiyo, na huenda ikahitaji apostili, muhuri wa Mkataba wa The Hague wa 1961 unaothibitisha hati ili itambulike nchi nyingine. Usiende kwa viza ya utalii: nchi kadhaa huhesabu mazoezi yasiyolipwa kuwa kazi. Tazama pia kalenda. Japani mwaka wa shule huanza Aprili, Australia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Ukifika wiki za mitihani utasimamia tu vyumba vya mtihani.

SWALI: Naruhusiwa kupiga picha za darasa kwa ajili ya ripoti yangu?

JIBU: Piga ubao, zana na kuta. Nyuso na majina ya watoto yaache, isipokuwa shule imekupa idhini ya maandishi ya wazazi.