Mwalimu, nilipe laki sita niondolewe lafudhi?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi ni msimamizi wa stoo katika kampuni ya usafirishaji hapa Kampala. Nimekulia Arua, Kiswahili nimekiongea tangu utoto, na nina diploma ya ugavi. Kiingereza nasoma na kuandika vizuri tu, lakini kwenye kikao cha Jumatatu ulimi unakuwa mzito, na mara mbili sasa bosi amenielewa vibaya. Nimempata mtu anayetaka shilingi 600,000 kwa wiki sita, vipindi vitatu kwa wiki, saa mbili kila kipindi. Anasema ataniondolea lafudhi na kunipa maneno 1,000 ya kiofisi. Nilipe?

JIBU: Usilipe, ndugu yangu. Msaada unauhitaji, lakini huyo anakuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Habari ya kuondoa lafudhi naletewa karibu kila wiki, na inaniudhi kwa sababu inawala watu pesa zao na kuwaacha wakiona aibu ya sauti waliyozaliwa nayo. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lina kipimo cha Kiingereza cha marubani na waongoza ndege, ngazi ya 1 hadi ya 6. Rubani wa safari za kimataifa lazima afikie angalau ngazi ya 4. Maelezo ya ngazi hiyo yanakubali waziwazi kwamba matamshi yake yanabeba athari ya lugha yake ya kwanza. Sharti ni kwamba athari hiyo isitatize kueleweka ila mara mojamoja. Hata ngazi ya 6, iliyo ya juu kabisa, haimdai aongee kama mzaliwa wa London. Kama anayeshusha ndege Entebbe usiku wa mvua anaruhusiwa lafudhi ya kwao, wewe wa stoo uondolewe ya nini?

Kinachotatiza ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno: ki-TA-bu, m-si-ma-MI-zi. Kiingereza hakina kanuni rahisi namna hiyo, na msikilizaji wake hutegemea sana silabi iliyokazwa kulitambua neno. Sisi tunabeba mkazo wetu na kuupachika: tunasema in-ven-TO-ry badala ya IN-ven-to-ry, main-TE-nance badala ya MAIN-te-nance, re-GIS-ter badala ya RE-gis-ter. Herufi zote zipo, lakini anayesikiliza anababaika nukta moja kulitafuta neno, na katika nukta hiyo umeshampita.

Kwa kazi yako hatari kubwa ni tarakimu. "Fifteen" na "fifty" tunazitamka zikalingana. Ya kwanza mkazo uko mwisho na sauti inavutwa: fif-TEEEN. Ya pili mkazo uko mwanzo na mwisho unakatwa: FIF-ty. Hivyo hivyo 13 na 30, 14 na 40, mpaka 19 na 90. Ukiagiza kwa simu, taja namba kisha irudie tarakimu moja moja: "fifteen, one-five". Marubani nao husoma namba nyingi tarakimu moja moja.

Sasa hayo ya bosi kukuelewa vibaya. Hukuandika alielewa nini, lakini ukiacha mkazo na tarakimu, kwa Mswahili makosa ya namna hiyo hutoka mahali pachache sana, na hakuna hata mahali pamoja panapohusu lafudhi.

Kwanza ni "ndiyo" yetu. Mtu akikuuliza, "Mzigo haujafika?" unajibu, "Ndiyo," maana yake umekubaliana naye kwamba haujafika. Kwa Kiingereza akikuuliza "Hasn't the cargo arrived?" nawe ukasema "Yes", umemwambia mzigo umefika. Atampigia mteja kumhakikishia, na jioni mnalaumiana. Acha kabisa kujibu maswali ya aina hiyo kwa neno moja. Rudia kitenzi: "It hasn't arrived." Hapo huwezi kueleweka kinyume.

Pili ni saa. Kwetu saa nane mchana ni saa mbili yao, na Waganda wa Kampala wanahesabu kama sisi, ndiyo maana kosa hili linaweza kupita miaka bila mtu kuligundua, mpaka siku anapokuja mteja wa nje. Ukiandika, andika 14:00. Ukisema, sema "two p.m."

Tatu ni "hadi". "Nitamaliza hadi Ijumaa" wengi tunaigeuza kuwa "I will finish until Friday". "Until" ni kwa jambo linaloendelea mpaka wakati fulani. Kwa jambo lenye mwisho wa kukamilika ni "by Friday", yaani kufikia Ijumaa, isipite. Ukimwambia mteja "We will receive goods until Friday" atafikiri mlango wa stoo unafungwa Ijumaa jioni.

Na ile "I'm coming" ya kwetu, anayoitamka mtu huku anaondoka! Ndani ya Uganda sote tunaelewa kwamba anarudi sasa hivi. Aliye Dubai kwenye simu haelewi. Mwambie "One moment, please."

Ulimi kuwa mzito kikaoni hautokani na uhaba wa maneno. Maneno 2,000 hivi ya kawaida hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya Kiingereza, na mwenye diploma anayo. Unaganda kwa sababu unaitunga taarifa kwa Kiswahili, na utangulizi wake na adabu zake, kisha unaitafsiri huku watu wanakutazama. Ingia kikaoni na sentensi tatu tu: hali ilivyo, sababu, unachotaka. "We are short of forty cartons. The truck is held at Malaba. I need a decision by noon." Heshima haipungui, salamu umeshaitoa mlangoni.

Zoezi lake ni la dakika 20 kwa siku. Chukua taarifa ya jana, jirekodi kwenye simu sekunde 90 bila kusoma. Sikiliza, uandike kila neno ulilotamka, pamoja na "eeh" na marudio. Pigia mstari makosa matatu tu, usizidishe. Angalia mkazo wa maneno ya kazi yako kwenye kamusi: katika kamusi nyingi alama ndogo iliyosimama kwa juu, kama hii ('), hukaa kabla ya silabi inayokazwa. Jirekodi tena. Wengi huruka hatua ya kuandika kwa sababu inachosha, na ndipo makosa yanapoonekana, kwa kuwa sikio hujisamehe.

Kuhusu hizo wiki sita, tupige hesabu. Vipindi 18 vya saa mbili ni saa 36. Makadirio ya Cambridge, wale wa mitihani ya Kiingereza, ni kwamba mtu hufika ngazi ya B1, yaani ya kati, kwa saa 350 hadi 400 za mafunzo, na B2, ya juu yake, kwa 500 hadi 600. Kati ya ngazi moja na nyingine pana kama saa 200. Saa 36 zinaweza kukurekebishia mkazo na hayo makosa matatu, kazi nzuri kabisa, kama mwalimu anajua ndicho anachofanya. Anayekuahidi Kiingereza kipya kwa wiki sita, au siku 30 kama mabango ya barabarani, anakudanganya. Kabla ya kumpa mtu yeyote pesa, ongea mbele yake dakika tano kuhusu kazi yako, umwombe akuandikie makosa matatu uliyoyafanya. Asiyeweza, muage kwa adabu.

Tena wajihadhari zaidi wale wanaosaka IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ili kwenda kusoma au kufanya kazi nje. Mtihani huo hauna kufaulu wala kufeli. Unatoa alama ya 0 hadi 9, inayokubalika kwa miaka miwili. Sehemu ya kuongea ni dakika 11 hadi 14 na mtahini aliye mtu, na vigezo ni vinne vyenye uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Matamshi hupimwa kwa kueleweka. Anayekuuzia majibu ya kukariri anakushusha, maana watahini wamefundishwa kuyatambua. Anayekuhakikishia "band 7", yaani alama ya 7, hana mamlaka hayo. Na anayekuuzia cheti bila mtihani anakuuzia karatasi: chuo au mwajiri huingia kwenye mfumo wa uhakiki wa IELTS, akaingiza namba, na matokeo yako hayapo.

Huyo wako muulize "maintenance" inakazwa wapi.