Kupandisha gia: kinachopanda ni nini?

SWALI: Gari langu ni la otomatiki, lakini lina sehemu ya M yenye alama za kujumlisha na kutoa. Mwalimu wangu wa udereva akisema "pandisha gia", nasukuma mkono wa gia mbele, na gia inashuka. Nani kakosea? Na nikiwa kwenye M, naweza kusema naendesha gari la manyuali?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Katika "pandisha gia" kinachopanda ni namba, kutoka 2 kwenda 3, 3 kwenda 4. Mkono wa gia unaelekea wapi, hilo ni la mtengenezaji. Katika magari mengi alama ya kujumlisha iko mbele. BMW na Mazda wao huweka ya kutoa mbele na ya kujumlisha nyuma. Mpangilio wa gari lako ni huo wa pili. Tena yapo yenye vibonyezo nyuma ya usukani, na dereva wake husemwa vilevile kuwa amepandisha gia.

Penye utata hasa ni mlimani. Gari likipanda mlima mkali, dereva hushusha gia, maana namba ndogo huyapa magurudumu nguvu zaidi. Likiteremka mteremko mrefu, hushusha pia, ili injini isaidie kulizuia na breki zisipate moto kupita kiasi. Kwa hiyo usiufuate mwinuko wa barabara unapochagua kitenzi. Jihadhari pia na "gia kubwa": mmoja atafikiria ukubwa wa namba, mwingine ukubwa wa nguvu, na hao wawili wanaelekea pande tofauti kabisa. Mimi ningesema "weka gia namba 2", basi.

Ama gari la manyuali, hapana. Jina hilo ni la gari ambalo dereva hukanyaga klachi na kuingiza gia kwa mkono wake. Lako, hata likiwa kwenye M, ni la otomatiki: klachi ya kukanyaga haipo, na wewe unatoa amri tu, kompyuta inatekeleza. Ukitaka gia namba 1 ukiwa kwenye mwendo mkali itakukatalia, kwa kuwa mizunguko ya injini ingepita kikomo. Ukisimama, itakurudisha kwenye gia ndogo bila kuambiwa. Sema "nachagua gia mwenyewe". Kitenzi kuchagua kinaeleza sawasawa kazi iliyobaki kwako. Wapo wanaoiita hali hiyo Tiptronic kwa gari lolote, lakini hilo ni jina la kibiashara la Porsche.

"Nabadilisha gia" nayo si kosa ukiwa kwenye M. Kwenye D, sehemu ya kawaida ya kwenda mbele, ndipo haifai, kwa sababu huko gia zinabadilika zenyewe. Tofauti ya -badilisha na -badilika, au ya -shusha na -shuka, naomba uishike vizuri, hasa unapozungumza na fundi. Ukimwambia "nashusha gia gari linashtuka", ataelewa kwamba mshtuko unafuata amri yako. Ukisema "gia inashuka gari linashtuka", ataelewa kwamba hukugusa kitu, na ataanza kutafuta kwingine.