Nyaya kwanza, balbu janja baadaye

Ndugu, umeuliza kama ununue balbu janja (zinazoendeshwa kwa simu) sasa au ubadilishe kwanza nyaya za nyumba yenye zaidi ya miaka 40. Anza na nyaya, tafadhali. Balbu inaweza kungoja. Waya uliopasuka ngozi ndani ya ukuta haungoji.

Mwombe fundi umeme mwenye leseni apime nyumba nzima, aangalie kama waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, upo kweli, na afunge kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30 (kiasi cha uvujaji kinachokifanya kikate). Hicho ndicho kinachookoa maisha, usikubali kukiacha.

Ukuta ukiwa bado wazi, mwambie apeleke waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, hadi kila kisanduku cha swichi. Nyumba nyingi za zamani hazina waya huo kwenye swichi, na swichi janja nyingi hazifanyi kazi bila huo. Kuupitisha baadaye ni kubomoa plasta upya.

Mimi ningechagua swichi janja kuliko balbu janja. Balbu hupoteza mawasiliano mtu akizima ukutani, na wageni watazima tu. Ukitaka taa za kubadilisha rangi, basi balbu, lakini usiziunganishe na swichi ya kupunguza mwanga.