Mwenzetu karudi mkutanoni na homa ya Rust: je, tuandike mfumo upya?

SWALI

Shikamoo kaka. Nina miaka minne nikiandika programu kwa lugha ya PHP na mfumo wake wa Laravel katika ofisi ya watu watano hapa Morogoro. Wateja wetu ni SACCOS mbili, maduka ya dawa na shule moja. Mwezi uliopita mwenzetu alikwenda Nairobi kwenye mkutano wa watengenezaji wa programu, na tangu arudi hatupumui. Anasema PHP imekufa, mfumo wa SACCOS uandikwe upya kwa lugha ya Rust, ikishindikana basi kwa TypeScript, na kwamba kwa zana za akili mnemba kazi hiyo ni ya miezi miwili. Hoja yake kubwa: lugha inayobana aina za data, yaani namba ibaki namba na tarehe ibaki tarehe, ingetuepusha na aibu ya Machi, pale marejesho ya wanachama kumi na moja yaliyolipwa kwa simu yalipoingia mara mbili. Bosi kaniachia mimi niamue. Halafu kuna mkutano mwingine unakuja. Nauli, malazi na kiingilio vinafika kama laki saba, karibu mshahara wangu wa mwezi. Niende? Na laptopu yangu ya RAM GB 8 itaziweza hizi zana mpya?

Msomaji, Morogoro

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Tuanze na aibu ya Machi, maana ndiyo inayowasumbua kweli. Hayo mengine ni kelele za ukumbini.

Fikiria malipo ya simu yanavyoingia kwenu. Kampuni ya simu inatuma ujumbe kwenye seva yenu: fulani kalipa elfu hamsini, namba ya muamala ni hii. Seva inatakiwa ijibu kwamba imepokea. Ikichelewa kujibu, au intaneti ikikatika katikati, mtumaji anadhani ujumbe umepotea, anautuma tena. Hana kosa, ndivyo inavyotakiwa. Kosa liko upande wenu: msimbo uliouandika ujumbe wa kwanza kama rejesho unauandika na wa pili kama rejesho jingine. Sijauona msimbo wenu, lakini ugonjwa huu nimeukuta kwenye ofisi nyingi mno, na ningeweka dau.

Sasa jiulize, Rust ingefanya nini hapo? Ujumbe wa pili una kila kitu sawasawa: kiasi ni namba, tarehe ni tarehe, simu ni simu. Lugha kali kuliko zote ingeupokea kwa mikono miwili na kuuandika kwa kasi ya ajabu.

Dawa yake iko kwenye hifadhidata mliyonayo. Iambie kwamba safu ya namba ya muamala haikubali namba kujirudia. Kisha hakikisha kuandika rejesho na kupunguza salio la mkopo vinafanyika ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, ama vyote viingie ama kisiingie hata kimoja. Ujumbe ukirudi mara ya pili hifadhidata itaukataa. Msimbo wako ulidake lile katazo na umjibu mtumaji kwamba mmepokea, vinginevyo ataendelea kubisha hodi. Wengi huridhika na kuangalia kwanza kama namba ipo, ikiwa haipo ndipo wanaandika. Haitoshi. Jumbe mbili zikifika kwa mpigo, zote zitaangalia, zote zitakuta haipo, zote zitaandika. Katazo likae kwenye hifadhidata yenyewe, ambako hakuna wa kupita pembeni.

Tahadhari moja: safisheni kwanza namba zilizokwisha kujirudia, maana zikiwamo hifadhidata itaikataa hiyo sharti mpya. Ukiwa na orodha ya wale kumi na moja, hii ni kazi ya mchana mmoja, na chai utakunywa.

Nimekaa sana hapa makusudi. Kila zana ya programu huzaliwa na maumivu ya mtu fulani, na kabla hujaihamishia kwako inafaa umjue huyo mtu na kilichokuwa kinamuuma. Rust ina kisa kinachojulikana. Mwaka 2006 Graydon Hoare, mtaalamu wa Mozilla, alirudi nyumbani kwake Vancouver akakuta lifti haifanyi kazi, programu yake imegoma, naye anaishi ghorofa ya 21. Akapanda ngazi akiwaza. Programu za vifaa kama lifti kwa kawaida huandikwa kwa C au C++, na kinachoziangusha mara nyingi ni makosa ya kutumia kumbukumbu ya kompyuta. Akaanza kuunda lugha inayoyakamata makosa hayo kabla programu haijaanza kukimbia. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2015. Ni kazi nzuri, naiheshimu. Lakini PHP inajisimamia kumbukumbu yenyewe. Maumivu ya ghorofa ya 21 ninyi hamjawahi kuyasikia, na lugha hii itawadai miezi ya kupigana nayo kabla haijawazoea.

TypeScript ina jambo la kuwafaa, kwa kiasi. Ni JavaScript, lugha ya kwenye vivinjari, iliyoongezewa aina za data; Microsoft waliitoa mwaka 2012 kwa ajili ya watu ambao JavaScript yao ilishakuwa pori. Kama upande wenu wa kivinjari umefika huko, ijaribuni; inakubali kuingia faili moja moja, hakuna haja ya kubomoa nyumba. Kule kwenye seva sioni sababu.

Na hapa mpe mwenzako kisa cha TypeScript yenyewe. Programu inayokagua na kutafsiri TypeScript iliandikwa kwa TypeScript, na ilikuwa nzito. Machi 2025 timu inayoongozwa na Anders Hejlsberg, yule yule aliyetuletea Turbo Pascal na baadaye lugha ya C#, ilitangaza kwamba inaihamishia kwenye lugha ya Go. Kwenye msimbo wa VS Code, programu ya Microsoft ya kuandikia msimbo, wenye mistari ipatayo milioni moja na nusu, kazi iliyochukua sekunde 77.8 ilishuka hadi 7.5. Watu wakapiga kelele mitandaoni: mbona si Rust? Jibu lao lilikuwa la fundi. Msimbo wa zamani ulikuwa umejengwa juu ya lugha inayojisafishia kumbukumbu, umejaa data zinazoelekezana huku na huku kwa mizunguko, na Go iliwaruhusu kuuhamisha faili kwa faili ukiwa na umbo lile lile. Rust ingewalazimisha kuubuni upya. Yaani watu wenye fedha za Microsoft nyuma yao waliangalia kwanza msimbo waliokuwa nao, ndipo wakachagua lugha. Ofisi ya watu watano Morogoro ifanye kinyume?

Kuhusu PHP kufa: nimehudhuria mazishi yake mara nyingi, na kila mara marehemu ndiye aliyetulipia nauli ya kurudi. Aina za data anazozitamani mwenzako zimo humo humo. Tamko la `strict_types`, linaloilazimisha PHP kuheshimu aina hizo, lipo tangu PHP 7, sifa za darasa (class) zilianza kupewa aina kwenye 7.4, na 8.1 ya mwaka 2021 ikaleta orodha funge za thamani, kitu ambacho kingekufaa sana kwa hali za mkopo: umeombwa, umeidhinishwa, umelipwa, umefutwa. Chukua pia PHPStan, zana inayousoma msimbo bila kuukimbiza na kuonyesha palipooza. Anza ngazi ya 0. Usiruke juu siku ya kwanza, utapata malalamiko elfu mbili na utaizima usiirudie tena. Halafu uangalie seva za wateja zina toleo gani. Kama bado kuna 7.4 mahali, toleo hilo liliacha kupewa viraka vya usalama Novemba 2022, na hapo ndipo pesa ya bosi itumike kabla ya lugha yoyote mpya.

Ile ahadi ya miezi miwili kwa akili mnemba ingenifanya nikunje uso. Mimi mwenyewe nazitumia zana hizi kila siku: kuandika majaribio, kuelewa msimbo wa mtu aliyeacha kazi bila kuaga, kutunga zile hoja za SQL, za kuiuliza hifadhidata, zinazochosha. Lakini hisia zetu juu yake hazina mizani. Mwaka 2025 shirika la utafiti la METR lilichukua wataalamu 16 wa miradi ya programu huria, likawapa kazi 246 ndani ya miradi waliyoizoea kwa miaka, nyingine wafanye kwa kutumia akili mnemba, nyingine bila. Kabla ya kuanza walitarajia itawapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza bado waliamini imewapunguzia asilimia 20. Saa ikaonyesha imewaongezea asilimia 19. Sitaki uyabebe matokeo haya kama msahafu: watu walikuwa wachache, walikuwa wazoefu wa msimbo wao, na zana zenyewe hubadilika kila baada ya miezi. Ninachokitaka kwako ni ile saa. Chagua kazi sita za kawaida za ofisini, tatu zifanye na zana, tatu bila, andika muda kwenye daftari, pamoja na ule wa kusahihisha ilichokosea. Wiki moja utakuwa na jibu lako mwenyewe la kumpelekea bosi.

Na tafadhali msizibandikie zana hizo orodha ya wanachama wa SACCOS ili ziwatafutie hitilafu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inafanya kazi. Tengeneza data za uongo. Kina Asha Mfano na Juma Jaribio wapo kwa kazi hiyo.

Sasa mkutano. Mimi ni mpenzi wa mikutano hii, na imenigharimu. Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kutoka mmoja nikiwa nimewaka kama mwenzako. Nilikuwa nimeona jukwaani hifadhidata ya aina mpya, isiyo na majedwali, ikifanya miujiza kwa dakika ishirini. Nikauhamishia humo mfumo wa kikundi cha akiba. Miezi minane baadaye jumla za vitabu zilikuwa hazikubaliani, mweka hazina alikuwa haniiti tena mwanangu, na usiku mmoja nikavirudisha vyote MySQL, hifadhidata ya majedwali ya siku zote. Zana haikuwa na hatia. Niliikuta siku ya harusi yake, imepambwa, nikadhani ndivyo inavyoamka kila asubuhi.

Kuna kisa cha Berlin ninachokipenda. Novemba 2009, kwenye mkutano wa JSConf EU, kijana Ryan Dahl alipanda jukwaani akaonyesha Node.js, chombo cha kuendesha JavaScript nje ya kivinjari, na ukumbi ukamshangilia. Mwaka 2018 akarudi Berlin, mkutano ule ule, akataja mambo kumi anayoyajutia kuhusu Node, na kuonyesha chombo chake kipya, Deno. Moja ya majuto lilikuwa namna Node inavyoshughulikia vifurushi vya wengine. Ilipofika 2024, Deno toleo la 2 lilikuwa linavipokea vifurushi vile vile vya npm, ghala la vifurushi vya Node, kwa sababu watu walikataa kuviacha. Aliyetoka ukumbini 2009 na kuhama usiku ule, na aliyetoka 2018 na kuhama usiku ule, wote wawili walikuwa wamesikia nusu ya habari.

Kwa hiyo kama unakwenda kusikiliza hotuba, baki na laki saba zako. Mikutano mingi huziweka hotuba kwenye mtandao bure. FOSDEM, mkutano wa programu huria wa Brussels, ambao hauna hata kiingilio, huziweka karibu zote, na bando la wiki litakutosha. Ukitaka kwenda, nenda kwa ajili ya foleni ya chai. Pale ndipo utampata mtu aliyetumia zana hiyo miaka miwili kwenye mfumo wenye pesa za watu. Muulize ilivunjika lini mara ya mwisho, nani aliamshwa usiku, na kama angeanza leo angeichukua tena. Jukwaani hawasemi hayo. Kwenye chai wanasema mpaka unawaonea huruma.

Zamani ilibidi uvuke bahari kwa hayo. Siku hizi DjangoCon Africa, mkutano wa watumiaji wa Django, mfumo wa lugha ya Python, imefanyika Zanzibar, Novemba 2023, na Arusha, Agosti 2025. Wewe ni mtu wa PHP na hiyo ni ya Python, lakini habari za malipo yanayojirudia na umeme unaokatika ni zile zile kwa lugha yoyote. Mikutano ya jumuiya kama hiyo mara nyingi ina mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo wa nauli. Maombi hufungwa miezi kabla, na vijana wetu hukumbuka wiki ya mwisho. Njia nyingine ni kupendekeza mada. Una mada tayari: marejesho kumi na moja yaliyoingia mara mbili, jinsi mlivyoyagundua na mlivyoyatibu. Mimi ningekuja kuisikiliza kabla ya hotuba yoyote ya lugha mpya. Kwa mshahara wako mwenyewe, bila msaada na bila mada, mwaka huu usiende. Na mwenzako usimkatishe tamaa. Mpe Ijumaa moja kwa mwezi aandike kwa Rust kitu kidogo cha ofisini ambacho kikifa hakuna atakayelia, kwa mfano cha kupanga faili za chelezo.

Laptopu ya GB 8 inatosha. Akili mnemba nyingi hukimbia kwenye seva za wenyewe, kwako ni maandishi tu yanayokuja na kwenda. Laravel na MySQL vitakaa humo bila ugomvi. Kitakachokusumbua ni kivinjari chenye tabo arobaini.