CPA au masta? Kwa mdogo wangu mhasibu wa Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Tangu jana namsoma mdogo wetu wa Morogoro: miaka 27, shahada ya uhasibu yenye GPA ya 3.4, mhasibu msaidizi kwenye shule binafsi, amejinyima mpaka akafikisha akiba ya milioni 4.5. Anauliza akasome masta ya fedha au akae mitihani ya CPA, ile ya kumsajili mtu kuwa mhasibu wa kitaaluma. Wengi mmemjibu asome vyote, elimu haina mwisho. Mimi nimesoma vyote, tena nikaanza na kile nilichopaswa kumalizia, kwa hiyo naomba anivumilie.

Mdogo wangu, anza na CPA.

Mwaka 2021 nilikuwa Mwanza, mhasibu wa kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi, mshahara wa msingi 820,000. Niliona wenzangu wanapanda vyeo, nikaamini kinachonikwamisha ni ukubwa wa cheti. Nikakopa benki milioni 5, nikajiunga na masta ya jioni. Slipu ya mwezi wa kwanza baada ya mkopo ninayo mpaka leo: NSSF 82,000, kodi 63,600, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi 123,000 (ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi), benki 245,000. Kilichobaki ni 306,400. Humo kuna pango la vyumba viwili Nyegezi, nauli ya darasani, na mama yuko Sengerema anasubiri chake. Kuna mwezi mke wangu aliuza cherehani yake ili nyumba isogee. Hakunilaumu hata siku moja, ila pale dirishani cherehani ilipokuwa pakabaki wazi miezi minane, na kila nikirudi usiku na madaftari yangu macho yalikuwa yanaenda palepale.

Masta niliimaliza 2023, kwa alama nzuri. Mwaka huohuo nafasi ya mhasibu mkuu ikatangazwa palepale kazini. Sharti la kwanza kwenye tangazo: awe na CPA(T), yaani CPA ya Tanzania. Akaipata dada mmoja ambaye mimi ndiye niliyemwelekeza kufunga hesabu za mwezi alipoanza kazi. Alikuwa na shahada ya kwanza na CPA, basi. Niliumia sana, lakini sikuwa na la kubisha, sharti lilikuwa limeandikwa na yeye alikuwa nalo.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho mhadhiri hakuambii. Uhasibu ni taaluma yenye usajili. Bodi yetu ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ndiyo inayosajili, na ripoti ya ukaguzi wa hesabu haisainiwi na asiyesajiliwa, hata awe na masta mbili. Masta inakuongezea maarifa, nakubali. Usajili hainunui.

Halafu angalia malipo yanavyokwenda, maana hapa ndipo penye usalama wa mfuko wako. Mitihani ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Kwa shahada yako ya uhasibu unaruka ngazi ya awali, unaingia moja kwa moja kwenye pepa za ngazi ya kati, tunaziita B, ziko sita, kisha za ngazi ya mwisho, C, nne. Unalipia unachokwenda kukaa. Ukiuguliwa, unaruka msimu mmoja, pepa ulizofaulu zinakusubiri. Mkopo wangu wa benki haukunisubiri hata mwezi mmoja.

Novemba 2023 nilikaa B tatu, ile B2 ya uhasibu wa fedha nikafeli. Kosa langu lilikuwa kusoma majibu na kutikisa kichwa kwamba nimeelewa. Baada ya hapo nikawa naamka saa kumi alfajiri, simu naiacha chumbani, mezani kuna kalamu, kikokotoo na saa ya ukutani niliyoishusha. Nafanya pepa ya zamani saa tatu nzima siku za Jumapili, siku za kazi swali moja, kwa mkono, mpaka mizania ikubali. Ikikataa sifungui majibu, naitafuta tofauti mwenyewe. Mei 2024 nikamaliza B zote, na Mei 2025 nikafunga C ya mwisho. Hizo alfajiri ndizo zilizonifanya mhasibu, nasema kwa moyo wote.

Masta ingekuwa jibu kama unataka kufundisha chuo kikuu. Lakini matangazo ya uhadhiri huwa yanataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya masta, na wewe una 3.4. Usimwage milioni zako kwenye mlango huo. ACCA, cheti cha uhasibu cha Uingereza, nayo ni nzuri kwa anayewaza kwenda nje, ila ada zake ni kwa paundi na mshahara wako ni wa shilingi.

Ile milioni 4.5 usiitoe yote. Milioni 2 weka pembeni, usiiguse hata kwa vitabu, hiyo ni ya ugonjwa na ya siku shule ikichelewesha mishahara. Inayobaki igawe kwa misimu. Usikope, na usimdhamini mtu kipindi hiki.

Kingine: usajili kamili unataka pia uzoefu wa kazi wa miaka mitatu. Kwa hiyo hapo shuleni omba ushiriki kufunga hesabu za mwaka na kukaa na wakaguzi wakija, usiishie kukusanya ada dirishani, na kila kazi iandike na tarehe yake. Ukifika B2 nitafute inboksi. Daftari langu la maswali bado ninalo, nitakutumia kwa basi.